Kuvisha upya kochi la mtumba nyumbani, kuanzia mifupa hadi kitambaa

Watu wengi wakikutana na kochi la mtumba hutazama kitambaa: kimechanika hapa, kina doa pale, rangi imepauka. Mimi hulipindua kwanza, miguu juu. Kitambaa ndicho kitu pekee ambacho una hakika utakitupa, ya nini kukikagua? Kinachoamua kama kazi italipa ni mbao, springi na viungo, na hivyo vyote huonekana vizuri zaidi kwa chini.

Maelezo haya ni ya kochi la mtu mmoja: mikono miwili, kiegemeo kilichojazwa, na mto wa kukalia unaotoka. Kwa anayeanza ni kazi ya siku tatu nne, si ya mchana mmoja. Kama hujawahi kushika stepla maishani, anza na kiti cha mezani ambacho kikalio chake kimefungwa kwa skrubu nne kutoka chini. Ukikifungua, ukabadilisha sponji, ukavuta kitambaa kipya na kukirudisha, utakuwa umejifunza nusu ya mambo kwa muda wa saa mbili tu.

Ukaguzi kabla ya kununua

Inua mguu mmoja wa mbele kiasi cha sentimita kumi na tano. Mguu wa pili wa mbele unatakiwa kunyanyuka karibu papo hapo. Ukibaki chini huku kochi likijikunja, viungo vimelegea. Kulegea si msiba, gundi ya mbao hutibu. Ubao uliopasuka kwa urefu wake au fremu iliyotengenezwa kwa mbao za unga uliogandishwa ni habari nyingine: pini hazishiki vizuri mle, na zile zinazoshika leo huachia baada ya miezi. Hilo liache hapo lilipo.

Kisha tafuta wadudu. Kunguni hujificha kwenye mishono, chini ya ukanda wa nyuma na mahali kitambaa cha chini kilipokutana na ubao. Utaona vidoti vyeusi kama wino uliodondoka kutoka kwenye kalamu, au maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Muuzaji akikuambia limekaa stoo muda mrefu bila kukaliwa, hilo lisikutulize, kwa kuwa kunguni huweza kuishi miezi bila kula. Kwa upande wa mbao, angalia vitundu vya milimita moja au mbili. Gonga hapo kwa kifundo cha kidole. Ukidondoka unga laini, mweupe na mpya, mdudu yumo na bado anatafuna. Vitundu vikavu visivyotoa unga mara nyingi ni makovu ya zamani.

Mwisho, weka pua karibu na kikalio uvute pumzi. Ukungu na mkojo wa paka hupenya mpaka kwenye mbao, na hakuna kitambaa kipya kitakachoufunika mkojo wa paka siku ya joto.

Vifaa

Huhitaji karakana. Unahitaji stepla ya mafundi (ya mkono inatosha, ila ya umeme itakuokoa kiganja) na pini za milimita 8 hadi 10. Bisibisi bapa ya zamani usiyoionea huruma, koleo, nyundo, mkasi mzito unaokata kitambaa na si kukitafuna, futi kamba, chaki, shazia moja iliyopinda kama mwezi mchanga, uzi wa nailoni au wa poliesta, gundi ya mbao, msasa na kisu kirefu chembamba. Miwani ya kukinga macho na barakoa visiwe vya hiari. Vumbi lililojificha ndani ya kochi la miaka ishirini ni vumbi la watu usiowajua.

Cherehani ya kawaida ya nyumbani inatosha kwa kitambaa cha uzito wa wastani. Ivalishe sindano namba 100 au 110, urefushe hatua ya mshono mpaka milimita 3.5 au 4, na ujaribu kwanza kwenye vipande chakavu vilivyokunjwa tabaka nne. Ikikwama hapo, itakwama pia kwenye mto.

Kuvua

Hapa ndipo kazi huharibikia, na wengi hawajui kama wameiharibu mpaka kesho yake. Kochi langu la kwanza nililivua kwa hasira nusu saa nzima, nikararua kila kitu, nikasokomeza kwenye gunia na kutupa. Asubuhi nikasimama mbele ya fremu tupu na kitambaa kipya mkononi bila kujua hata umbo la kipande cha mbele ya mkono. Kitambaa kizee hakifai kukaliwa, lakini ndicho ramani yako. Kila kipande kitoke kizima.

Kochi huvuliwa kinyume cha lilivyovishwa. Anza na kile kitambaa chembamba cheusi cha chini. Fuata nyuma ya kiegemeo kwa nje, kisha mikono kwa nje, halafu kiegemeo kwa ndani, mikono kwa ndani, na mwisho kabisa kikalio. Ukibanwa mahali, kitambaa kikakataa kutoka, usikikate: maana yake kuna kipande kingine juu yake ambacho hujakitoa.

Piga picha kila hatua, hasa pembeni na mahali ambapo kitambaa kinapita katikati ya mbao mbili. Kisha andika kwa kalamu nzito nyuma ya kila kipande: jina lake, kushoto au kulia, na mshale unaoonyesha juu ni wapi. "Mkono kulia, ndani, juu ↑". Kushoto na kulia kuwe kwa aliyekaa, si kwa aliyesimama mbele, na usibadilishe njiani.

Kutoa pini kuna ufundi wake. Ingiza ncha ya bisibisi chini ya pini kwa upande mmoja tu, geuza kiganja kidogo, mguu mmoja uchomoke, kisha uikamate pini kwa koleo na uiviringishe kutoka. Ukijaribu kuinua pini katikati itakatika, na utaachiwa visindano viwili vilivyosimama vinavyongoja kidole. Zikikatika hata hivyo, zichomoe kwa koleo au zipige nyundo zilale kabisa. Kuna mamia yake. Weka bati la kukusanyia, maana pini moja iliyobaki sakafuni itajitangaza yenyewe usiku, ukiwa pekupeku.

Sponji ikimomonyoka kama makombo, itupe. Sponji ya poliyurethane hudhoofishwa na hewa na mwanga, haifufuki. Lakini ukikuta ndani kuna nyuzi za minazi au nywele za farasi, tulia kwanza. Vitu hivyo vilitumika katika makochi ya zamani na bado vina uhai. Vikung'utwe, vipigwe jua na kuchambuliwa kwa vidole, huweza kurudi kazini.

Mifupa

Fremu ikiwa uchi, itingishe tena. Kiungo kilicholegea kifungue kadiri kinavyokubali, ukwangue gundi ya zamani, maana gundi mpya hushika mbao na haishiki gundi nzee. Paka mpya, bana kwa klampu au kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, uache saa 24. Ndiyo, siku nzima. Tumia muda huo kukata sponji. Miguu na mbao zinazoonekana zipige msasa na kuzipaka vanishi sasa, kabla kitambaa kipya hakijafika karibu. Kama zina rangi ya zamani sana, usizisugue zikiwa kavu, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha msasa na uvae barakoa.

Springi za kujipinda kama nyoka, zinazotoka nyuma kwenda mbele, zinapopiga kelele kwa kawaida kosa liko kwenye vibanio vya ncha, chuma kikisuguana na chuma. Fungua kibanio, weka kipande cha ngozi au plastiki ngumu kama kilalio, kirudishe. Springi iliyolegea huwezi kuinyoosha ikakaa. Nunua mpya ya urefu huohuo.

Kama kochi lina mikanda badala ya springi, badilisha yote hata kama miwili tu ndiyo iliyokatika. Kunja ncha ya mkanda sentimita mbili au tatu, ipigilie kwenye ubao wa nyuma kwa misumari mitano isiyo kwenye mstari mmoja, ili ubao usipasuke. Zungushia mkanda kwenye kipande cha ubao, egemeza ubao huo kwenye fremu na uuvute kama wenzo, pigilia upande wa pili, kisha kata na ukunje. Mikanda ya kulala ipite juu na chini ya ile ya kusimama kama mkeka. Gonga kwa kidole: mkanda uliokazwa vizuri hulia kama ngoma. Ukinyamaza, ung'oe urudie, kwa sababu utakachofanya juu yake chote kitakaa kwenye huo ulegevu.

Tandika kitambaa cha gunia juu ya springi au mikanda, ukipige pini pembeni. Bila hicho, springi zitaitafuna sponji kidogo kidogo kutoka chini.

Sponji

Wauzaji huuza sponji kwa ugumu: ibonye, ni ngumu, basi ni nzuri. Si kweli. Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu, ukaifurahia wiki ya kwanza, na baada ya miezi michache ikawa na shimo la umbo lako. Kwa kikalio tafuta uzito wa kilo 30 hadi 35 kwa mita ya ujazo. Kiegemeo hakibebi mwili mzima, kilo 20 hadi 25 zinakitosha.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Kipande cha sentimita 60 kwa 60, unene 10, ni mita za ujazo 0.036. Kikiwa cha kilo 30, mizani itasoma kilo moja na gramu themanini hivi. Ikisoma gramu mia sita na kitu, umeuziwa sponji ya godoro jepesi, hata kama inabonyea kwa shida.

Chora umbo kwa kalamu nzito juu na chini, kata kwa kisu kirefu kwa mivuto mirefu bila kukandamiza. Kisu kifupi huacha ngazi pembeni, na ngazi hizo huonekana mpaka juu ya kitambaa. Sponji ya kiegemeo na ya mikono ibandike kwa gundi ya kupulizia, madirisha yakiwa wazi na hakuna moto karibu, si jiko, si sigara. Sponji yenyewe hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo mabaki usiyachome.

Juu ya sponji zungushia tabaka la pamba ya poliesta. Wengi huliruka hili ili kuokoa pesa kidogo, na ndilo linalotofautisha kochi lililojaa na boksi lililovikwa nguo. Pamba hulainisha kingo na huziba vibonde vidogo vya kisu chako.

Kuchagua na kukadiria kitambaa

Kitambaa cha pazia hakifai, hata kiwe kizuri vipi. Vitambaa vya makochi hupimwa kwa kusuguliwa kwa mashine, na kipimo kinachotajwa sana ni cha Martindale: kwa kochi la kukaliwa kila siku nyumbani tafuta misuguo 20,000 au zaidi, na penye watoto wanaoruka 30,000. Kama lebo haipo, shika kitambaa juu ya taa. Ukiona mwanga mwingi unapita kati ya nyuzi, au ukivuta kwa vidole gumba viwili nyuzi zikaachana, kirudishe rafuni. Reksini hufutika vizuri, ila matundu ya sindano hayafutiki humo. Ukikosea mshono, kosa limebaki.

Kiasi: vitambaa vingi vya makochi vina upana wa sentimita 140, na kochi la mtu mmoja kwa kawaida hula kati ya mita nne na sita. Usiotee. Pima kila kipande kizee kwenye upana na urefu wake mkubwa zaidi, ongeza sentimita tano kila upande, kisha chora kwenye karatasi ya miraba ukanda wenye upana wa sentimita 14, kila sentimita ikisimama badala ya kumi. Kata vipande vidogo vya karatasi kwa kipimo hicho, vipange ndani ya ukanda huo, na urefu uliotumika ndio mita zako. Kitambaa chenye maua makubwa au mistari kinataka zaidi, kwa sababu ua lazima likae katikati ya kiegemeo na katikati ya mto.

Mahameli yana jambo moja la ziada: manyoya yake yana upande wa kulala. Pitisha kiganja, upande mmoja ni laini, wa pili unakataa. Vipande vyote vikatwe manyoya yakilala kuelekea chini, na kwenye kikalio yalale kuelekea mbele. Niliwahi kukata mkono mmoja kinyume ili kuokoa robo mita. Mchana hakuna aliyegundua. Taa ilipowashwa jioni, kochi lilikuwa na mkono mmoja wa kijani na mwingine wa karibu nyeusi.

Kukata

Tandaza kitambaa uso ukiwa juu, weka vipande vizee juu yake kwa kufuata mishale yako, zungushia chaki. Zile sentimita tano za ziada ni muhimu: fundi wa kwanza alipunguza kitambaa baada ya kukipiga pini, kwa hiyo kipande kizee ni kifupi kuliko unachohitaji kukivuta. Vipande vinavyoshonwa pamoja, kama vya mto, haviongezwi hivyo. Hivyo huachiwa sentimita moja na nusu ya mshono tu. Andika jina nyuma ya kila kimoja kabla hujakata kinachofuata.

Kuvisha

Sasa rudi ulikotoka: kikalio, mikono ndani, kiegemeo ndani, mikono nje, nyuma, chini. Sehemu ya kikalio inayofichwa na mto haihitaji kitambaa cha bei. Shona kitambaa imara cha kawaida, ukiache kile kizuri kionekane sentimita 15 tu za mbele.

Siri ya kuvuta kitambaa ni katikati kwanza. Weka alama ya katikati kwenye kitambaa na kwenye ubao. Piga pini moja nyuma katikati, vuta mbele, piga moja. Kisha kushoto, vuta, kulia. Una pini nne. Simama mbali, tazama kama nyuzi zimenyooka. Ndipo uendelee kutoka katikati kwenda pembeni, pini mbili upande huu, mbili upande wa pili, ukilainisha kwa kiganja kila mara. Anayeanza pembeni huzisukuma ziada zote katikati, na kule hazina pa kwenda. Pini za mwanzo zisizamishwe kabisa, maana nyingi utazing'oa.

Utafika mahali ubao wa mkono unakutana na kiegemeo, kitambaa kikazuiwa. Hapo ndipo kila mtu huingiwa na hofu, na inastahili. Kunja kitambaa nyuma mpaka kiguse ubao, kisha kata kutoka ukingoni kuelekea ubao, usimame sentimita mbili kabla ya kuufikia. Mwisho wa mkato huo gawanya njia mbili fupi, kama herufi Y, kila tawi likielekea kona moja ya ubao. Kile kilimi cha katikati kikunje ndani, pande mbili zipite kushoto na kulia kwa ubao. Kata kidogo, jaribu, ongeza. Mkato mfupi huongezwa. Mrefu utauona kila siku ukikaa hapo.

Kwenye kona zilizoviringana gawa ziada katika mikunjo midogo mingi, yote ielekee upande mmoja, na upande wa pili wa kochi uihesabu iwe sawa. Kwenye kona kali mkunjo mmoja unatosha, ukilalia chini ili usikusanye vumbi.

Nyuma ya kochi kwa nje hakutakiwi pini hata moja kuonekana. Weka kitambaa kimelala kinyume juu ya kiegemeo, ndani nje, ukingo wake ukigusa ubao wa juu. Juu ya ukingo huo weka ukanda wa kadibodi ngumu wa upana wa sentimita moja, piga pini kupitia kadibodi, kisha angusha kitambaa chini. Mstari wa juu utakuwa umenyooka kama umechorwa. Pande mbili zilizobaki kunja ukingo ndani na uzishone kwa shazia: chukua nyuzi chache upande huu, ruka, chukua nyuzi chache upande wa pili, kama ngazi. Kila baada ya mishono mitano vuta uzi; mshono utajificha wenyewe. Chini kunja na kupiga pini chini ya fremu.

Mto

Mfuko wa mto uwe mdogo kuliko sponji, la sivyo utakunjamana. Kwa sponji ya sentimita 60 mfuko uliokamilika uwe 59, maana yake kata 62 ukiacha mishono. Zipu ikae nyuma na izunguke kona kiasi cha sentimita nane kila upande, vinginevyo utapigana na sponji kama unamvika mtoto asiyetaka soksi.

Ukitaka ukanda wa mviringo kwenye kingo, kata vipande vya upana wa sentimita nne kimshazari, si kwa kufuata uzi; kitambaa kilichokatwa mshazari hupinda kwenye kona bila kukunjamana. Funga kamba ndani, shona kwa mguu wa zipu wa cherehani, na kwenye kona chanja ukingo mara tatu. Binafsi kwa kochi la kwanza ningeuacha ukanda huo.

Funga sponji iliyovikwa pamba ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba, iminye hewa itoke, uiingize kwenye mfuko wa mto, kisha uichane na kuivuta plastiki nje. Ingiza mkono mpaka kwenye kila kona uijaze.

Kumalizia

Pindua kochi, piga kitambaa chembamba cha chini, ukunje kingo ndani. Rudisha miguu, weka vilalio vya sakafuni, na uangalie kama inagusa chini yote minne.

Likaliwe wiki mbili, kisha lipindue tena. Kitambaa kipya hulegea kidogo pembeni mwa kikalio, na hapo ung'oe pini chache, uvute nusu sentimita, upige upya. Vile vipande vizee vyenye majina, vikunje uvihifadhi pamoja na mabaki ya kitambaa kipya, kwa kuwa siku kona ya mkono itakapochanika utavihitaji vyote viwili.